TABLO YA UMEME NA JEDWALI LAKE
Somo la ufundi kwa kila mwenye kushika ufunguo



Katika gazeti letu tumezoea kusoma juu ya afya, juu ya kilimo, na mafundisho ya Neno la Mungu. Mara hii naomba nafasi kwa somo la ufundi. Najua wengine watasema: "Umeme ni mambo ya mafundi, sisi tunataka taa tu." Kumbe ndiyo sababu naandika. Mwenye kutaka taa tu hajui la kufanya siku ile taa zinapoleta hatari.

Somo lenyewe ni juu ya tablo, ndilo lile sanduku la ukutani lenye dijonkteri, na juu ya karatasi inayopaswa kubandikwa ndani ya mlango wake. Karatasi ile tuite jedwali la tablo. Nitaonyesha namna ya kulitengeneza kwa kalamu na rula, kisha namna ya kulitengeneza kwa programu ya kompyuta ambayo wachora majengo wanaitumia. Lakini kwanza nisimulie habari moja, hata kama inanipa haya.

1. HABARI YA BWENI

Mwaka jana taa moja ya bweni la wavulana, chumba cha nyuma, ilikufa na mahali pake pakaanza kunuka moshi. Baba Fundi aliitwa. Ufunguo wa chumba cha grupu ulikuwa kwangu. Ilikuwa jioni, na wenzetu wa mwaka wa mwisho walikuwa katika madarasa wakijitayarisha kwa Examen d'État, basi hatukutaka kuzima grupu nzima. Baba Fundi akaniambia:

"Mwanangu, enda ukate bweni tu. Madarasa uyaache."

Nikafungua mlango wa tablo. Chini ya dijonkteri ya nne mtu wa zamani alikuwa ameandika kwa bic: BWENI. Nikaishusha. Taa za chumba cha mbele zikazimika, nami nikafurahi. Nikarudi mbio nikasema: "Baba, nimekata."

Akapanda ngazi. Aliposhika waya, umeme ukampiga, akaanguka chini. Mungu alisaidia, aliangukia magodoro yaliyokuwa yamekusanywa pembeni. Mkono wake uliteguka, na kwa majuma mawili hakuweza kushika nyundo.

Sababu tuliijua kesho yake. Chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye, na yule aliyekiwekea waya aliuchukua umeme wake kutoka ukuta wa darasa lililo karibu, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Kwenye tablo hakubadilisha andiko. Mimi nilikata bweni la mbele, na chumba cha nyuma kilibaki na umeme wa madarasa.

Nilienda kumwomba radhi. Akanijibu: "Ile andiko ilisema uongo, na weye ukaiamini. Lakini hata miye nilikosa. Sikupima."

Maneno hayo mawili, kuamini andiko na kutopima, ndiyo mizizi ya somo hili.

2. KAZI YA TABLO

Umeme hata ukitoka mbali, lazima ugawanywe kabla ya kufika kwenye ampuli. Nchini kwetu mitambo ya Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili mwaka 1982, na laini kubwa ya kupeleka umeme wa Inga mpaka Kolwezi ina urefu wa karibu kilometa 1,700. Hapa Maniema, mitambo ya Lutshurukuru, upande wa Kalima, ilijengwa kwa ajili ya migodi. Huku kwetu upande wa Wamaza watu wengi wanategemea pano za jua na grupu. Lakini uwe umeme wa Inga, uwe wa pano mbili juu ya bati, mwisho wake ni mmoja: unaingia katika tablo, na kutoka pale unapita katika njia mbalimbali.

Kila njia ina dijonkteri yake. Watu wengi wanafikiri dijonkteri iko kwa kulinda ampuli au kompyuta. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Waya mwembamba ukibebeshwa umeme mwingi unachemka, plastiki inayeyuka, na moto unaanzia ndani ya dari mahali ambapo hakuna mtu anayeona. Ndiyo maana dijonkteri na waya vinapaswa kulingana. Kwa desturi ya mafundi, njia ya taa yenye waya wa milimeta mraba 1.5 inawekewa dijonkteri ya ampea 10, na njia ya prizi yenye waya wa milimeta mraba 2.5 inawekewa ya ampea 16.

Sasa tazameni kosa linalofanyika kila siku. Dijonkteri inaruka mara mbili tatu kwa jioni. Watu wanachoka, wanasema: "Hii imezeeka." Wanatoa ya 10, wanaweka ya 32. Kweli hairuki tena. Lakini waya ni ule ule wa zamani, na sasa hakuna anayeulinda. Dijonkteri inayoruka inatuletea habari. Tutafute habari hiyo ni nini kabla ya kuitoa.

Kuna na dijonkteri nyingine, ya diferensieli, mara nyingi yenye maandishi 30 mA. Hii ndiyo inayolinda mtu. Inapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ikiona tofauti, maana yake kuna mahali umeme unapotea, labda katika mwili wa mtu, basi inakata mara moja. Tablo ya shule isikose hii.

3. JEDWALI LINA NINI NDANI

Jedwali zuri linajibu swali moja upesi: "Nikishusha hii, ni nini kitakachozimika?" Na linajibu swali la pili: "Nikiongeza kitu hapa, tablo itaweza?" Kwa hiyo juu ya karatasi tunaandika jina la tablo, mahali ilipo, umeme wake unatoka wapi, volti zake, tarehe, na jina la aliyehakikisha. Chini tunapiga mistari na kuandika kwa kila njia:

— namba ya njia
— mahali inapokwenda, kwa jina ambalo hata mgeni atalielewa
— vitu vinavyotumia umeme na idadi yake
— wati zote pamoja
— unene wa waya
— ampea za dijonkteri
— fazi yake, kama umeme ni wa fazi tatu

Andiko "BWENI" halitoshi. Andika: "Bweni la wavulana, chumba cha mbele, taa 8. Chumba cha nyuma hakimo." Hayo maneno manne ya mwisho yangemwokoa Baba Fundi.

Tablo haikosi nafasi ambazo hazitumiki, na hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni akiba: dijonkteri iko, lakini haina waya. Ya pili ni nafasi tupu: hakuna dijonkteri, kuna uwazi tu. Katika jedwali tusizichanganye, kwa sababu anayepanga kuongeza darasa atataka kujua kama atanunua dijonkteri au la.

4. KABLA YA KUANDIKA, FUATA NJIA

Jedwali haliandikwi kwa kukaa mezani na kukumbuka. Linaandikwa kwa kutembea. Sisi tulilifanya hivi, pamoja na Baba Fundi. Hakuna mwanafunzi aliyefungua kifuniko cha ndani. Kazi ile ni ya fundi peke yake.

Kwanza, taa zote ziwashwe, na katika kila prizi kitiwe kitu kinachoonekana, kama ampuli ndogo. Ampuli iliyokufa ibadilishwe kwanza, sababu taa iliyokufa haisemi kama umeme uko ama hauko. Ndiyo iliyotudanganya mwaka jana.

Pili, mtu mmoja akae kwenye tablo na wengine wasimame katika vyumba. Fundi anashusha dijonkteri moja tu. Kila mmoja anaandika kilichozimika katika chumba chake. Kisha inarudishwa, na wote wanahakikisha kimewaka tena. Ndipo wanaendelea na ya pili.

Tatu, andikeni mnachokiona, hata kama kinashangaza. Sisi tulikuta taa ya choo cha walimu inafuata njia ya jiko. Mwenzetu mmoja akasema: "Haiwezekani, hiyo ni kosa, tuandike pamoja na ofisi." Hapana. Jedwali linaandika mahali waya ulipo, si mahali ulipopaswa kuwa. Kama njia haiko sawa, fundi atarekebisha waya siku nyingine, na siku ile ile jedwali litabadilishwa.

Nne, hata baada ya haya yote, mwenye kutengeneza lazima apime kwa kifaa chake kabla ya kushika waya. Jedwali linamwonyesha dijonkteri ya kushusha. Kama umeme umekatika kweli, kifaa ndicho kitakachomwambia.

5. MFANO WA HESABU

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano wa darasani, si za shule yetu. Tuseme shule ina grupu ya fazi tatu, kVA 12, volti 230 kwa kila fazi. Kwa urahisi tuhesabu kVA moja kama wati 1,000. Kila fazi basi inaweza kubeba wati 4,000. Tukigawa kwa 230, tunapata ampea 17.4 kwa fazi. Njia ni tisa:

1. Taa za madarasa: neo za LED 12 za wati 18 = wati 216
2. Taa za bweni la wavulana: ampuli 20 za wati 9 = wati 180
3. Taa za bweni la wasichana: ampuli 20 za wati 9 = wati 180
4. Chumba cha kompyuta: mashini 10 za wati 150 = wati 1,500
5. Ofisi: mashini ya fotokopi = wati 1,200
6. Zahanati: frigo wati 150, chombo cha kuchemshia vifaa wati 1,500 = wati 1,650
7. Pampu ya maji = wati 1,100
8. Karakana: prizi za vyombo = wati 900
9. Kanisa: vyombo vya sauti wati 600, neo 10 za wati 18 = wati 780

Jumla ni wati 7,706. Mtu anayetazama jumla tu atasema: "Grupu ni ya 12,000, tuko salama kabisa." Ngojeni kwanza.

Tuseme yule aliyefunga waya aliunganisha njia 4, 5 na 6 katika fazi A, njia 7 na 8 katika fazi B, na njia 1, 2, 3 na 9 katika fazi C. Tuhesabu:

Fazi A: 1,500 + 1,200 + 1,650 = wati 4,350, ampea 18.9
Fazi B: 1,100 + 900 = wati 2,000, ampea 8.7
Fazi C: 216 + 180 + 180 + 780 = wati 1,356, ampea 5.9

Mnaona? Grupu haijafika hata theluthi mbili ya nguvu yake, lakini fazi A imezidiwa. Ni kama watu watatu wanaobeba mti: miti yao si mizito kwa watatu, lakini mmoja amewekwa chini ya shina peke yake na wenzake wameshika majani. Siku daktari anachemsha vifaa, ofisi inapiga fotokopi na darasa la kompyuta liko kazini, dijonkteri kuu itaruka. Au haitaruka upesi, na alternata ndiyo itakayochemka. Na shule yote itasema grupu ni ndogo, inunuliwe nyingine.

Dawa yake haina bei kubwa. Tupange upya:

Fazi A: zahanati 1,650 + kanisa 780 + bweni la wavulana 180 = wati 2,610, ampea 11.3
Fazi B: kompyuta 1,500 + pampu 1,100 = wati 2,600, ampea 11.3
Fazi C: ofisi 1,200 + karakana 900 + madarasa 216 + bweni la wasichana 180 = wati 2,496, ampea 10.9

Vitu ni vile vile, grupu ni ile ile. Tofauti ni kwamba mtu aliandika, akaona. Bila jedwali, fazi A ingezidiwa mpaka lini?

Kuna faida nyingine. Fazi zikilingana, waya wa netri unabeba umeme kidogo. Zikikosa kulingana sana, netri inabeba tofauti yao. Na siku netri ikikatika, volti zinaharibika: upande wenye vitu vichache unapanda juu na kuunguza kompyuta na ampuli. Watu wanasema "umeme umekuja na nguvu", kumbe netri ndiyo iliyokatika.

Angalisho mbili. Vitu vyote haviwaki pamoja saa zote, kwa hiyo mafundi huweka kipimo cha matumizi, kwa mfano kuhesabu nusu tu ya wati za prizi. Lakini kipimo hicho kitumiwe kwa akili: taa za mabweni jioni huwaka zote pamoja, hakuna nusu hapo. Tena motere, kama ile ya pampu, inapoanza inavuta umeme mara nyingi kuliko wakati imekwisha kuzoea. Afadhali pampu iwashwe wakati vitu vikubwa vingine vimezimwa.

6. KAZI HII KATIKA KOMPYUTA

Ndugu mmoja aliyemaliza hapa na sasa anasoma mambo ya ujenzi Bukavu alikuja likizo na kompyuta yake, akatuonyesha programu inayoitwa Revit. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na mwaka 2002 ilinunuliwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani. Siyo programu ya kuchora mistari tu. Ukuta ukiuchora unajua kwamba ni ukuta, na ampuli ukiiweka inajua wati zake. Mpango wa kazi ni huu:

a) Volti kwanza. Programu ilitengenezwa Marekani, kwa hiyo unaweza kukuta volti za kwao, 120 na 208. Ingia katika mipango ya umeme, uongeze mfumo wetu: fazi tatu, 230 kwa 400, waya nne.

b) Weka tablo katika mchoro, uipe jina, uiambie inafuata mfumo upi wa volti. Tablo isiyo na jina itakuchanganya wakati ziko tatu au nne.

c) Weka taa na prizi katika vyumba. Hakikisha kila moja ina volti na wati za kweli.

d) Chagua taa za njia moja, uamuru programu izifanye njia, kisha uchague tablo yake. Kama jina la tablo halionekani katika orodha, usivunjike moyo: karibu kila mara ni volti za taa na za tablo ambazo hazipatani. Rudi hatua ya a.

e) Chagua tablo, uamuru itoe jedwali. Kuna vielelezo vya safu moja na vya safu mbili. Ile ya safu mbili inafuata tablo za Marekani, namba za witiri kushoto na za shufwa kulia. Tablo zetu hupangwa kwa mistari, basi safu moja inafaa zaidi.

f) Sahihisha majina. Programu inaandika yenyewe jina fupi. Weweandika jina ambalo mlinzi wa usiku atalielewa. Tena tazama ampea. Mara nyingi programu inaweka 20 kwa kila njia bila kuuliza. Kwa waya wetu wa taa wa 1.5 hiyo ni kubwa mno. Andika 10.

g) Onyesha akiba na nafasi tupu. Chini ya jedwali utaona jumla ya wati, kipimo cha matumizi, na ampea za kila fazi. Hesabu yote niliyofanya hapo juu kwa nusu saa inatoka kwa kufumba na kufumbua.

Uzuri wake mkubwa ni huu: mchoro na jedwali ni kitu kimoja. Ukiondoa taa mbili katika mchoro, wati zinapungua zenyewe katika jedwali. Hakuna kusahau kubadilisha karatasi, kama alivyosahau yule wa chumba cha nyuma.

Lakini sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipomuuliza yule ndugu swali mpaka akanyamaza kidogo. Ndani ya programu kuna amri ya kusawazisha mizigo. Unaibonyeza mara moja, na njia zinahamishwa kutoka fazi hii kwenda fazi ile mpaka zinalingana. Nikamuuliza: "Na waya wa ukutani nao umehama?" Akacheka. Haukuhama.

Kwa jengo ambalo halijajengwa, amri hiyo ni ya faida sana, kwa sababu fundi atafunga waya akifuata jedwali. Lakini kwa jengo ambalo limekwisha kujengwa, ukibonyeza pale, umetengeneza jedwali safi, lenye mistari mizuri, na lenye uongo. Litakuwa baya kupita lile andiko la bic, maana andiko la bic mtu anaweza kulishuku, ila karatasi iliyotoka katika mashini kila mtu ataiamini. Kwa jengo la zamani, andika kwanza njia jinsi zilivyo, uzifunge ndani ya programu zisihame, uprinti. Ukitaka kusawazisha, fanya nakala nyingine, umpe fundi ahamishe waya, mjaribu tena kama katika sehemu ya 4, ndipo karatasi mpya ibandikwe na ya zamani ichanwe.

Asiye na kompyuta yenye nguvu asihuzunike. Programu ya majedwali kama LibreOffice Calc ni ya bure, nayo inajumlisha vizuri. Na rula na kalamu bado zinafanya kazi. Kuhesabu kunaweza kuachiwa mashini. Kutembea kwenda kuangalia kama taa imezimika, hakuna mashini itakayotufanyia.

7. MASWALI YA KUJIPIMA

1) Dijonkteri ya taa za madarasa inaruka kila jioni. Taja mambo mawili ya kutazama kabla ya kufikiri kuibadilisha.

2) Katika mfano wetu uliosawazishwa, wasichana wanaomba kuleta pasi mbili za wati 1,000 kila moja katika bweni lao. Hesabu ampea za fazi C kama zote mbili zinawaka pamoja na vitu vingine vyote. Je, inawezekana? Na kama ni pasi moja?

3) Grupu imezimwa, na pano za jua zinaweza kubeba wati 800 tu usiku. Ukitazama njia tisa, utaacha vitu gani viwake? Eleza sababu.

4) Tofauti ya akiba na nafasi tupu ni nini?

Majibu ya swali la 2 kwa wenye haraka: pasi mbili zinafanya wati 4,496, ampea 19.5, haiwezekani. Pasi moja inafanya wati 3,496, ampea 15.2, fazi inaweza, lakini iwe na njia yake ya prizi, isitundikwe katika waya wa taa.

8. NENO LA MWISHO

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anasema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Tumezoea kusikia fungu hilo likihubiriwa juu ya kumfuata Yesu, na ndiyo maana yake. Lakini limejengwa juu ya jambo ambalo kila fundi analijua: hesabu inatangulia. Na amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, miye sasa naona inafika hata kwenye mlango wa tablo. Yule aliyeacha neno BWENI bila kulisahihisha hakutaka kumwumiza mtu. Andiko lake lilimwumiza tu.

Kwa ruhusa ya Prefe, mambo matatu yameanza. Jedwali jipya liko ndani ya mlango wa tablo, lina tarehe. Anayeongeza taa au prizi, hata moja, hapewi ruhusa kabla jedwali halijabadilishwa. Na kila mwanzo wa muhula njia zote zinajaribiwa tena na fundi pamoja na kapita wa wanafunzi.

Mimi mwisho wa mwaka huu naondoka, na ufunguo utapewa mwingine. Nitampa pamoja na karatasi. Ndugu yangu utakayeupokea, nakuomba usiiamini kwa sababu nimeiandika mimi. Mwite Baba Fundi, tembeeni, mshushe moja moja, mtazame.

Mungu awabariki wote katika masomo.

Ni mimi,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho